Mmekishusha Kibaraza cha Baba

Bhirmuni,
juu ya ziwa Rupa.
Tarehe 9, mwezi wa Asoj

Mpendwa Kaka Resham,

Mama hakuanguka jikoni. Alianguka njiani, pale kwenye chautari ya Baba, kile kibaraza chetu cha mawe cha kuegeshea mizigo, kapu la majani likiwa mgongoni na mkanda wake kwenye paji la uso. Alikuwa anapanda kutoka ziwani. Akafika pale, akageuka kama anavyogeuka siku zote, akarudi kinyumenyume bila kutazama, akajiachia ili kapu likae juu ya jiwe. Jiwe halikuwepo. Kapu likaenda chini, mkanda ukamvuta kichwa, na yeye akalifuata. Mimi nilikuwa juu kidogo na kopo langu la rangi, nachora mshale kwenye mwamba. Nimeona yote.

Najua barua inaanza na salamu. Haya, hujambo huko Doha? Joto limepungua? Miguu haivimbi tena kwa kusimama? Sisi huku wazima. Nyati wetu wa maziwa amezaa, ndama dume. Mwanao Pabitra ameota jino na anamng'ata kila mtu, hata mbuzi. Shemeji Sunmaya mzima. Hizo ndizo salamu. Nikikaa humo hasira yangu itapoa, na leo sitaki ipoe.

Binamu Indra anaondoka kesho kurudi huko, ndiyo maana naandika. Kwenye simu siwezi, unanijua. Simu inawekwa katikati ya nyumba, sauti juu, majirani wote wamekaa, na wewe unaongea haraka kama mtu anayefukuzwa. Siku ile Mama alipokwambia ameteleza jikoni, ukacheka, ukasema, "Mama, uzee huo, unacheza ngoma na masufuria?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Ila alikuwa ameshika shingo kwa mkono, na simu haionyeshi mkono.

Shingo haigeuki, kaka. Akitaka kumtazama mtu anageuza mwili mzima, kama ng'ombe mwenye nira. Mganga wa zahanati alimfunga kitambaa kigumu shingoni, akamkataza kubeba mzigo. Kitambaa amekivua. Anasema kinamfanya aonekane mbuzi aliyetoka kununuliwa. Na mzigo anabeba.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, maana najua Mjomba Narjang hakukwambia. Yeye ndiye mkuu wa kamati ya njia, na kwako anatuma picha tu.

Ulipomwagiza kwamba chautari ya Baba itengenezwe iwe ya kisasa, wageni wanaotembea wapate pa kukaa, alikuja na vijana wawili na nyundo. Mimi sina neno na wageni. Njia yote ya mgongo wa kilima, kuanzia Begnas mpaka kwetu, mishale nimeichora mimi kwa mkono wangu. Kazi ile naipenda. Unatembea peke yako, ziwa huku, ziwa kule, chini ukungu, na jiwe ukilipaka rangi halikuulizi kitu. Kwa hiyo usije kusema mdogo wako mshamba, hataki maendeleo.

Walianza kubomoa kibaraza. Shangazi Dhansuri alikuwa anapita na mzigo wa kuni, akasimama.

"Narjang, unafanya nini hapo?"

"Natengeneza mabenchi, dada. Hiki kibaraza kiko juu mno. Mgeni akikaa miguu inaning'inia kama kuku wa sokoni."

"Na sisi wenye mizigo tukatue wapi? Mgongoni kwako?"

"Shusheni chini kabisa, mpumzike, mnyanyue tena. Shida iko wapi?"

"Ninyanyue na nani? Wewe? Wewe ukinyanyua bakuli la pombe tu unaita mtu akusaidie."

Vijana wakacheka mpaka nyundo zikasimama. Mjomba hakucheka. Akasema mwenye kauli ni Resham, mtoto mkubwa, naye ametoa ruhusa. Nikajikaza, nikamwambia Mjomba ngoja kwanza tumuulize Mama. Akaniangalia kama vile mbwa ameongea. "Wewe umeacha shule hata kusoma hujamaliza. Kashike rangi yako." Nikaenda kushika rangi yangu.

Umesahau sisi ni watu gani, kaka? Umebeba doko, kapu la mgongoni, tangu unaota meno ya pili. Unajua mtu mwenye mzigo hatui chini, anaegesha. Anarudi nyuma, kapu linakalia jiwe, yeye anapumua amesimama, mkanda bado uko kichwani, akishapumua anaondoka bila kumwita mtu. Ndiyo maana kibaraza kiko juu. Hakikujengwa kwa ajili ya matako ya mtu, kilijengwa kwa ajili ya kapu.

Na hiki hakikujengwa kwa kubahatisha. Baba alibeba mizigo ya watu maisha yake yote, na alipokufa wewe mwenyewe ulisema tusimjengee kitu kingine, tumjengee mahali pa kutua mzigo. Lile jiwe refu la juu ulilibeba wewe kutoka kijitoni, ukipanda unalia, makamasi yanaingia mdomoni na huna mkono wa kuyafuta. Mimi nilikuwa mdogo nakufuata nyuma. Mafundi walipofika kwenye kipimo wakamsimamisha Mama na kapu limejaa, wakaweka jiwe pale kapu lake lilipoishia. Kibaraza kile kipimo chake ni Mama. Mwili wake ndio unakijua, macho yake hayana kazi pale.

Basi unajua lile jiwe liko wapi leo? Ni kidaraja cha choo cha wageni. Mjomba amelilaza mlangoni pa choo, watu wasikanyage tope. Jiwe la Baba linakanyagwa na viatu vinavyotoka chooni. Nilipoliona nilikaa chini. Wewe ulipokuwa unaangalia picha ya mabenchi yenye vigae vyeupe, hukujiuliza jiwe lako limekwenda wapi?

Na hao wageni mliowawekea mabenchi, hawakai. Nimewaangalia siku nyingi, kuangalia ndiyo kazi ninayoiweza. Wakifika pale wanapanda juu ya benchi na viatu, wanapiga picha ya ziwa, wanashuka, wanakwenda. Wanaokaa ni mbwa wa Mjomba na Mjomba mwenyewe. Wanawake wetu sasa wanapanda kutoka ziwani mpaka kijijini bila kutua, wanafika midomo imekuwa rangi ya jivu. Wengine wanaegemea ukingo wa shamba la ulezi, udongo unaporomoka, na mwenye shamba anawatukana.

Kibao chako cha marumaru kilichowekwa pale pia nimekisoma, taratibu, lakini nimekisoma. Jina la Baba juu, kisha "imejengwa na mwanawe Resham". Langu halipo, na silitafuti. Ila la Mama halipo. Mawe madogo yote ya ndani ya ile chautari ni Mama aliyabeba, jioni baada ya kukata majani.

Kuna jambo moja hulijui. Mama alikuwa na desturi yake pale. Akifika, kabla hajajiachia, alikuwa anasema "shika". Kidogo tu, kwa sauti ya chini. Kapu likishakaa, anafumba macho. Nilidhani anaongea na mgongo wake. Siku nyingine nikamwuliza, akanijibu kama mtu anayejibu habari ya chumvi: "Namwambia baba yako. Nikimbebea mzigo yeye, na yeye ananipokea."

Siku alipoanguka nilikimbia, nikamfungua mkanda, nikamwinua. Majani yalikuwa yametawanyika juu ya vile vigae vyenu. Hakulia. Alinitazama, akasema, "Leo baba yako hakunishika." Ndiyo neno alilosema, kaka. Nalibeba kifuani tangu siku ile na sina pa kuliegesha, ndiyo nimekuletea na wewe ulibebe.

Nilikwenda kwa Mjomba nikamwomba kibaraza kirudi. Akasema subiri Resham aje sikukuu ya Dashain, kuna utepe wa kukata, kuna mgeni wa heshima, usituharibie sherehe. Wewe nawe kwenye simu ukasema hivyo hivyo, subirini nije. Mama atasubiri na shingo ipi?

Kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nakupa habari. Leo asubuhi nimeking'oa kile kibao. Mjomba alikuja anapiga kelele, Jitman umeingiwa na pepo, Jitman nani amekutuma, nitamwambia kaka yako. Lakini mkono wangu haukusimama. Kibao hakijavunjika. Nimekifunga kwenye gunia, kipo darini juu ya mahindi, utakikuta. Benchi la kwanza pia limeshatoka.

Kisha nikaenda chooni, nikang'oa lile jiwe. Lilikuwa limezama kwenye tope, na peke yangu halikunyanyuka. Shangazi Dhansuri akaweka kuni zake chini, akaja akashika upande wa pili. Njia nzima alikuwa anatukana ukoo wa Mjomba, ambao ndio ukoo wa Mama, na nilimwacha atukane. Tumelipeleka kijitoni kule kule ulikolitoa, tumeliosha. Limelala pale majini. Wanawake wamekubaliana kila anayepanda kutoka ziwani atatupia jiwe moja juu ya majani yake, la kukijenga upya kibaraza. Sikuwaomba. Shangazi amewaomba, mimi nilisimama nyuma ya nyati.

Ukija Dashain utakuta kibaraza kiko juu, pale pale kilipokuwa. Ukitaka kukata utepe, ukate kwanza majani ziwani, ubebe kapu mpaka pale, urudi nyuma bila kutazama. Kapu lako likikaa, kata utepe wako. Na Mama akikupaka tika ya baraka kwenye paji la uso, na wewe litazame la kwake. Kuna mfereji wa mkanda pale tangu sisi hatujazaliwa. Usije na vigae vingine.

Shangazi Dhansuri anakusalimia, ametaka niandike kwamba yeye si kuku wa sokoni. Shemeji anakusalimia, hajui ninachoandika. Indra amebeba achari ya figili na mboga kavu uliyoiomba, usimwache aile yote mwenyewe. Nisalimie Kaka Sukman na wote wa kwetu mnaolala naye chumba kimoja. Miungu ya kilima ikukinge na jua la huko, na kila unapochoka upate pa kuegesha mzigo wako. Hilo nakuombea kwa moyo, hata na hasira hii.

Nilitaka kuandika zaidi lakini nimeinua kichwa sasa hivi, mundu haupo ukutani na kapu halipo. Kumbe Mama ameshashuka ziwani nikiwa nimeinamia karatasi. Atapanda na mzigo. Atafika pale, ataona benchi limetoka, atadhani kibaraza kimesharudi, au hatadhani chochote, atageuka tu, aseme "shika". Na hata akitaka kutazama nyuma, shingo haigeuki. Lazima niondoke niwahi kufika kabla yake, nisimame pale jiwe lilipokuwa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na bado sijakusamehe,

Jitman