Jina Hili Lina Wangapi

Chaka, 6 Agosti 2023

Cucu,

Nakusalimu kwa sababu umri wako unadai salamu, si kwa sababu moyo unataka. Natumaini mguu umepungua kuvimba. Mimi ni mzima, ila mikono.

Mzee Wamae amenionyesha barua yako. Mwandiko bado ni ule wa ubaoni. Umemwomba anifukuze, ati nina hasira nyingi na sifai kukabidhiwa mzinga. Wewe, uliyekuwa mkono wake wa kulia miaka ishirini. Ulifundisha darasa la saba, na shule zikifungwa ulikuja hapa kuita nyuki waende kuua watu. Nyumbani ulituambia ni semina za walimu. Ukweli niliujua Mzee aliponitafuta baada ya mazishi ya mama.

Nina miaka miwili hapa. Watu wa Chaka wananijua kama msichana wa kikundi cha wafuga nyuki, yule wa kuuza asali sokoni. Hawajui kwamba tukilitamka jina la mtu mbele ya mzinga, nyuki humfuata popote alipo. Na unajua kwa nini nimevumilia. Dada yangu Waithira alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa anaanika sare yake ya shule uani, nami nimemshikia ndoo. Nyuki walikuja kama shuka iliyotupwa juu yake. Mimi hawakunigusa hata mmoja. Mzee ameahidi kwamba siku nitakayohitimu atanipa jina la aliyewatuma.

Usimwandikie tena. Ukiwa na neno, niandikie mimi. Simu haturuhusiwi, lakini Othmani huja kila wiki mbili kuchukua asali ya duka lake la Nyeri, na hupitia Othaya. Weka barua chini ya kifuniko cha ndoo. Yeye haulizi kitu.

Mjukuu wako, kwa kuwa sina neno lingine,
Njoki


Othaya, 17 Agosti 2023

Mjukuu wangu na jina langu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mguu haujapungua. Daktari ameuacha mguu akahamia kwenye moyo, na sasa ninameza dawa za rangi nne. Hiyo mikono isugue kwa kitunguu kilichokatwa. Usipake asali, watarudi kwa harufu yao.

Ni kweli niliandika. Hasira yako niliitumia kama kisingizio. Sababu yenyewe Wamae anaijua, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumwandikia. Wewe huijui, na kalamu yangu inaikwepa. Njoo nyumbani siku moja tu nikuambie kwa mdomo. Mama yako Sophie, mwanangu, alikufa bila kuisikia, na hilo nalo linaningoja huko mbele.

Kabla hujasimama chini ya mzinga wowote, mwombe Wamae akupe jina kwanza. Uone kama atakupa.

Cucu wako


Chaka, 2 Oktoba 2023

Cucu,

Habari za dawa za rangi nne? Huku baridi ya mlima imeshuka mpaka kwenye blanketi, lakini sijalala hospitalini kama wengine wanavyotamani.

Siji. Una mazoea ya kuita watu waje kwako, kana kwamba bado wewe ni mwalimu mkuu na sisi tumepanga mstari.

Nilimwuliza Mzee kuhusu jina. Alicheka. "Ni Mwalimu amekutuma?"

"Nimejituma."

"Jina ni kama githeri ya kwa jiko. Ukionja mapema unachoma ulimi." Kisha akaniangalia kidogo. "Ni mama mzee. Hiyo inakutosha."

Kwa hiyo najua ni mzee, na najua yuko hai, na ninafurahi kwa yote mawili.

Kila asubuhi nasimama mikono wazi mpaka nyuki wanifunike hadi mabegani. Murugi, anayetufundisha, ananisomea matangazo ya vifo gazetini ili nilie au nicheke. Nikitikisika, tunaanza upya. Mwezi mzima nilishindwa kutamka inavyotakiwa. Nilikuwa nayatamka majina ya kuku wa mazoezi kwa chuki na nyuki wanakaa tu, kama watu wasioitwa wao. "We mjukuu wa mwalimu," Murugi akaniambia, "nyuki hawasomi cheti. Ita mtu kama unamwita aje kula." Wiki iliyopita nilimpa jogoo jina, nikaliita hivyo, kwa upole kabisa. Alikufa kabla hajamaliza kuwika. Mapaja yake niliyala mimi.

Mtihani ni tarehe nane Desemba. Usinitumie baraka.

Mjukuu wako,
Njoki


Othaya, 20 Oktoba 2023

Njoki,

Afya yangu nitaieleza siku nyingine. Soma polepole.

Huyo mama mzee ni mimi.

Nyanya yako mwingine, mama ya baba yako, Waithira mkubwa, alikwenda kwa chifu akaeleza mahali mizinga yetu ilipo. Wamae akaamua afe, akanipa mimi kazi hiyo. Ningeweza kukataa, yule alikuwa mkwe wangu. Sikukataa. Siku aliyokuja kwangu mara ya kwanza kuzungumzia ndoa ya mama yako, alisukuma bakuli langu mbele ya wazee wote akasema, "Asali ya nyumba hii iko na macho." Alisema kweli, na kwa kuwa alisema kweli nilimchukia miaka kumi na tano.

Sheria unaijua. Kabla moshi haujaingia, mkuu humwuliza mwitaji: "Hii jina iko na watu wangapi kwa hiyo familia?" Wakizidi mmoja, jina linarudishwa, maana nyuki hawajui sura wala umri. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi, tunaowapa watoto majina ya nyanya zao. Wamae aliniuliza. Nikajibu, "Mmoja."

Sikusahau. Ningependa sana kuandika kwamba nilisahau. Dada yako nilimpakata siku aliyopewa jina. Nilijiambia kwamba jina ni la mwenyewe, na mtoto ameazimwa tu. Nyuki watamjua mwenyewe. Nilihesabu watu wazima. Siku ile Waithira mkubwa alikuwa ndani ya nyumba akichambua maharagwe. Waithira mdogo alikuwa uani, na nyuki humchukua wa kwanza wanayemkuta.

Anayedanganya katika jibu lile, nyuki hawamsikii tena maisha yake yote. Ninaweza kuketi juu ya mzinga na wakanipita kama jiwe. Watu walidhani niliacha kazi ya Wamae kwa toba. Niliacha kwa sababu nilikuwa sifai tena kitu.

Sasa sikia la pili, ndilo lililonifanya nimwandikie. Wamae amejua kwamba mchungaji anakuja kwangu kila Jumanne, na anaogopa nitakayosema. Nawe ukishalipiza, hana tena kamba ya kukufungia. Atakupa jina Njoki. Kisha atakuuliza lina wangapi. Utakuwa umewaka, na mtu aliyewaka hajihesabu. Mama yako alikuwa akikuita "maitu", mama, kwa sababu wewe ni mimi. Ukijibu mmoja, mimi nitakuwa kitandani Othaya, na wewe utakuwa umesimama chini ya mzinga.

Nichukie upendavyo. Lakini jihesabu.

Cucu wako


Othaya, 19 Novemba 2023

Njoki,

Natumaini u mzima. Othmani amepita mara mbili, na mara zote mbili nimefunua ndoo nikakuta asali tu. Aliniambia, "Mwalimu, hii asali unaitafuta nini ndani?" Nikamwambia ninatafuta nta.

Kulala chali siwezi tena. Naketi kwenye mito mchana kutwa na kuutazama mlima wa chai ulio mbele ya dirisha. Mjomba wako Ben na mkewe wamehamia hapa kunitunza. Mkewe ni mjamzito, atajifungua mwishoni mwa Januari, na picha ya kliniki imeonyesha msichana. Baada ya wavulana wawili Ben anatembea kama aliyepandishwa cheo.

Siombi unisamehe. Naomba mstari mmoja.

Cucu wako


Nyeri mjini, 11 Desemba 2023

Cucu,

Sikuulizi hali, Othmani ameshanieleza. Niko kwa dada yake, Mwanasiti. Nafua na kupika na hakuna anayenitamkia chochote.

Mstari wako huu hapa, na mingine ambayo hukuiomba.

Tarehe nane asubuhi walinisimamisha chini ya mzinga wa juu kabisa, ule wa kwenye mti wa mutamaiyu. Barua yako ilikuwa ndani ya soksi. Mzee alikuwa ameshika moshi. Akasema, "Mwenye aliita nyuki kwa dada yako anaitwa Njoki. Ni nyanya yako." Murugi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Hii jina iko na watu wangapi kwa hiyo familia?"

Nilitaka kusema mmoja. Uelewe hivyo, usije ukajipa moyo kwamba barua yako iliniokoa. Nilikuwa nimejihesabu, na bado nilitaka, hata kama ningetangulia mimi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikaona kwamba ni neno lako ninalotaka kulisema, lile lile, na aliyeniuliza ni yule yule. Nikaona afadhali nife nikiwa sijafanana na wewe, au niishi.

Nikasema, "Wawili."

Mzee hakukasirika. Alizima moshi kwa kiganja chake. "Basi tutangoja," akasema. "Mwalimu si wa siku nyingi. Akienda, hiyo jina itabaki na mtu mmoja, na mwenye ataulizwa hatahitaji kudanganya." Akanipa mkono wa kwaheri, kama mtu anayeondoka sherehe mapema.

Kwa hiyo sikiliza. Sijakusamehe, na sitakuja kukaa kando ya kitanda chako ili ufe vizuri. Bado nasikia ile ndoo ikianguka kutoka mkononi mwangu. Lakini mtoto wa Ben ni msichana wa kwanza wa nyumba yake, na kwa desturi atapewa jina la mama ya baba. Atakuwa Njoki. Mpaka azaliwe na apewe jina, huna ruhusa ya kufa. Meza dawa zako. Rangi zote nne. Kunywa uji hata ukiutapika, kisha unywe mwingine. Umeniulia dada, mimi hutaniua kwa uvivu.

Njoki


Othaya, 30 Januari 2024

Njoki,

Natumaini Mwanasiti hakulazi na njaa, na mikono imepona.

Nimetii. Uji niliunywa mara tano kwa siku, karibu siku hamsini, na hakuna adhabu niliyowahi kumpa mwanafunzi iliyofikia hiyo. Mara mbili moyo ulisimama kidogo, nikauambia bado. Mchungaji alidhani ninasali.

Mtoto amezaliwa jana saa nne asubuhi. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Ben hakuniuliza, alimweka mapajani mwangu akamwita kwa jina mbele ya watu. Nilitaka kumwambia asilete jina hili nyumbani mwake, kisha nikakukumbuka wewe, nikanyamaza. Hilo nalo ni langu, liandike pamoja na mengine. Nimemwambia Ben yote, tangu asali hadi Chaka. Hatanisemesha tena, lakini amehamisha kitanda cha mtoto kutoka dirishani, na ameapa kwamba atakayemwuliza ni wangapi atajibiwa sawasawa.

Leo ninapoandika tuko watatu. Barua hii itakaa ndani ya ndoo siku kadhaa, na mguu umekuwa baridi hadi gotini. Kwa hiyo ukiisoma, usiamini idadi yangu. Hesabu upya wewe mwenyewe.

Na mtoto umhesabu.

Cucu wako