Swali Mbele ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Kesho napasuliwa! Mfupa wa paja umekatika – kuanguka na pikipiki si mchezo – na utatiwa chuma. Nimefurahi kama naposwa upya. Jioni kaja daktari wa usingizi na maswali yake. Navuta sigara? Kuna ndugu aliyewahi kuganda damu? Natumia vidonge vya kuzuia mimba? Eti mambo hayo, pamoja na kuvunjika na kulala kitandani, yanaweza kugandisha damu mguuni. Mama mkwe alikuwa amenishika mkono. Nikajibu hapana, hapana, hapana. Mbili za kwanza ni kweli.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka. Nina chuma! Kichwa kinazunguka. Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesimama kwa magongo! Hatua chache tu, lakini wodi nzima ikapiga makofi. Nesi tunayemwita Kengele, kwa sauti yake ile, kanichoma sindano ya tumboni ya kuzuia damu isigande. Mama mkwe kalia kwa furaha. Kasema mguu ukipona nimpe mjukuu, yeye hana haraka, hata mwakani. Mama huyu ananipenda, ndiyo taabu yenyewe. Vidonge viko ndani ya soksi, chini ya mto. Nilijiapia sizai mpaka nimalize chuo. Hata mume wangu hajui. Cha leo nimekimeza mama alipokwenda kunifulia nguo.

Ijumaa, 7 Machi
Kigimbi kimevimba, kina joto! Mama mkwe kakunja mikono ya gauni, kachota mafuta, aanze kukanda. Kengele akapaza sauti mpaka vikombe vikatikisika – asiguse! Damu iliyoganda ikichomoka inapanda mapafuni, na mtu anakwenda hivi hivi. Mama akarudisha mikono haraka. Sasa ananiomba radhi. Yeye, aniombe radhi mimi!

Kengele kasema daktari anakuja kuniuliza upya, nisifiche kitu, mficha uchi hazai. Mama mkwe akaitikia, kweli kabisa, mwanangu, mwambie yote.

Nimemtuma maji. Hataki. Kasema leo habanduki hapa.

Daktari yuko kitanda cha tatu. Nikivuta pumzi, kifuani panachoma kidogo. Ni hofu tu hiyo. Au?

Kafika kitanda cha jirani. Mkono wa kushoto anao mama mkwe, anaupapasa. Wa kulia unaandika: ndiyo, daktari, natumia. Kuandika rahisi! Mdomo sasa –