Leso Iliyokwama Chini ya Turbo

Nkoma, Mbale

Kaka Wanyera,

Salamu zako zimefika, ingawa sikuzihitaji. Huku mvua inanyesha na maharage yamechipua.

Gari langu lilirudi kutoka gereji yako Jinja likivuja oili na kutoa moshi wa buluu. Ukasema turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, imekufa. Fundi Peace wa Namakwekwe aliosha injini, akaiwasha, akafuata oili inakotoka. Turbo ni nzima. Bomba la kurudishia oili kutoka kwenye turbo uliliziba kwa tambara ulipokuwa ukifanya kazi, ukalisahau humo, oili ikakosa njia ikavuja.

Tambara hilo nalijua. Ni kipande cha leso niliyokupa umfunike mama kwenye jeneza, nilipokuwa nimelazwa hospitalini. Uliniapia umemzika nayo.

Nimeifua, oili haitoki. Jumamosi nitampelekea kaburini hivyo hivyo. Wewe usije.

Nandutu, mtoto wa mama