Sahani ya Athmani

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Kuze. Sisi tu wazima, ila mamako mguu wamsumbua. Katika barua yako wauliza kwa nini watu hutenda la kuwadhuru, ilhali uchumi unaosomeshwa wasema kila mtu huchagua lenye manufaa kwake.

Wakati wa vita mchele ulikuwa wa kipimo. Kakangu Athmani alipanda meli Kilindini, ikazama. Kila adhuhuri mamangu, asiyekubali kuwa amekufa, alimpakulia sahani, akaifunika kwa kawa, nasi tuna njaa. Siku moja nikaila. Mama alipoiona tupu, alilia kwa furaha.

"Athmani wangu amekula!"

Tangu hapo akampakulia zaidi, akijipunguzia mwenyewe. Nami nikaendelea kula, mpaka siku tuliyomzika mama.

Mwambie mwalimu wako, mle nyumbani aliyechagua lenye manufaa kwake ni mimi.

Bibi yako