Matundu ya Upepo

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Kitinda mimba ameota jino, na cherehani yangu imeacha kukata uzi. Mvua tu ndiyo hatuielewi tena: ikija inabomoa, ikigoma imegoma.

Ndiyo maana nilijiunga na kikundi cha mazingira hapa mtaani. Tulianza kwa kupanda miti kando ya mto, raha tupu. Sasa wameamua Jumamosi tuandamane hadi kwenye tanuri la matofali linalomaliza kuni za bonde zima. Bango nikapewa mimi, fundi cherehani. Kitambaa nikakipokea. Dada, si unajua tanuri lile ni la shemeji yako?

Jana akanikuta sebuleni nalishona: FUNGENI TANURI. Akalipapasa, akasema, "Mama watoto, hili litachanika. Pale kwangu kuna upepo mkali. Toboa matundu upite."

Sijui amenihurumia au amenikejeli. Sijui niende au nijifanye mgonjwa. Matundu nimeyatoboa, na yeye ndiye aliyenishikia kitambaa.

Nishauri kabla ya Jumamosi, ingawa najua barua hii itachelewa.

Ni mimi mdogo wako,
mke wa mwenye tanuri