Jogoo, Mama Mkwe na Mlango wa Nyuma wa Pikapu

Jumamosi, Tunduma. Jua lipo lakini halina kazi. Upepo umeamka na hasira zake tangu alfajiri, unapuliza vumbi la malori mpaka ndani ya kikombe cha chai.

Leo nimeshinda ndani ya gari langu mwenyewe, mimi na jogoo. Naandika haya nikiwa nimekalia upande mmoja tu, maana upande wa pili umekwaruzwa na bati.

Ngoja nianzie jana. Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, hata mwezi bado hajafikisha. Kwao binti akijifungua kwa mara ya kwanza anarudi kwa mama yake akalelewe mpaka apate nguvu. Mimi niliomba abaki hapa. Nilituma wazee, nikaenda mwenyewe kupiga magoti kwa baba mkwe, mwisho nikaambiwa sawa, mama atakuja aione nyumba kwa macho yake. Akiridhika kwamba binti yake anatunzwa, atamwacha. Asiporidhika, anaondoka naye, yeye na mtoto, na mimi nabaki na televisheni.

Nasema wazi hapa ambapo hakuna anayenicheka: niliogopa. Nampenda mke wangu. Na yule mtoto nimeshamzoea, hata kilio chake cha alfajiri nisipokisikia naamka kukitafuta.

Basi jana nikaenda Hasamba kumchukua mama mkwe. Huyu ni Mnyiha wa zamani. Kwa watu wa rika lake, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, wala hawasemezani moja kwa moja. Najua vijana wenzangu wanaopiga selfi na mama wakwe zao. Wangu hapana. Njia nzima alikaa kiti cha nyuma, kitenge kichwani, na kioo cha katikati mimi nilikigeuza kikawa kinatazama dari. Nikikohoa, naye anakohoa. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu hadi Tunduma.

Tulipofika nikabonyeza rimoti ili nishushe mzigo wake. Milango yote ikaitika, isipokuwa wa nyuma, ule wa kwenye bodi. Nikavuta kitasa, kikacheza tu mkononi. Nikajua mota ya loki imekufa, kile kidude kinachokaa ndani ya mlango na kuisukuma loki ukibonyeza rimoti. Kibaya zaidi, juu ya bodi nilifungiwa kanopi la bati na mchomeleaji wa hapa hapa, kwa ajili ya wezi, na kifuniko chake cha nyuma kinabanwa na mlango huo huo. Wezi hawajawahi kuingia. Jana na mimi nikawa mmoja wao.

Ndani kulikuwa na unga, karanga, maharage, begi la nguo za mama mkwe, na jogoo kwenye tenga, wa supu ya mzazi.

Mama mkwe akalala amevaa dera la binti yake. Kulipokucha jogoo akawika humo humo ndani ya gari. Jirani akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hiyo ndiyo honi mpya.

Na kazi yangu mimi ni wakala wa forodha! Kutoa mizigo ya watu mpakani ndiyo ugali wangu. Ya Kongo natoa, ya Zambia natoa. Jogoo mmoja kutoka Hasamba akanishinda.

Nikampigia fundi, akasema, "Nakuja sasa hivi, bosi." Sasa hivi ya fundi tunaijua. Nikaona nifanye mwenyewe, mama mkwe aone kwamba binti yake ameolewa na mwanaume. Nikaenda kwenye maduka ya spea kule mpakani, nikampata muuzaji mmoja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya Zambia, akaipuliza vumbi mota, akanikabidhi kwa heshima za kwao. "Ni yenyewe mukwai, hata usijaribu." Sikujaribu.

Kisha nikatafuta video ya kunielekeza. Jamaa wa kwenye video akaanza hivi: kwanza, fungua mlango wa nyuma. Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Fungua mlango wa nyuma. Nikatafuta nyingine, nayo hivyo hivyo. Ya tatu ndiyo ilianza kunipa matumaini, bando likaisha katikati.

Kilichobaki kilikuwa kidirisha cha pembeni cha kanopi, cha kusukuma. Ni kidogo, ila mimi huwa najiona mwembamba. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likajadiliana na fremu kwa muda, halafu suruali ikanaswa na ncha ya bati. Nikasikia kitambaa kinaachia. Nikaangukia kwenye gunia la unga, jogoo akapiga kelele, na nilipojipapasa nikakuta suruali imepasuka kutoka kwenye mkanda mpaka chini huko. Siongezi maelezo.

Nikajipa moyo. Nabadili mota, nafungua mlango, nakimbilia ndani kabla sijaonekana.

Mama mkwe akatoka na mkeka.

Akautandika nyuma ya gari, pale gari linapokinga upepo, akakaa na mjukuu wake waote jua. Hakujua kama niko ndani. Mimi na jogoo tukatazamana.

Bibi wengi huku huwaita wajukuu wao wa kiume waume zao, kwa utani. Nikamsikia anaanza. "Mume wangu, umeyaona mambo ya mjini? Bibi yako kavaa dera la maua. Jogoo wa watu yuko rumande. Hapa pana mtu wa kukutunza kweli, wewe na mama yako? Mimi naona kesho tujiondokee zetu."

Nilitaka kulia, lakini ningesikika.

Nikaanza kazi, simu mdomoni iniangazie. Nikafungua bolti za bati la ndani la mlango moja moja, kwa adabu, kama mwizi. Nikachomoa plagi ya waya, nikatoa mota iliyokufa, nikaweka mpya, nikaunganisha ufito wake na loki. Muda wote huo jogoo ananidonoa unga mgongoni kupitia matundu ya tenga. Nilikuwa nimebakiza bolti ya mwisho spana iliponiponyoka ikagonga bati.

"Nani huyo?"

Nikamsubiri jogoo ajibu. Tangu Hasamba hajanyamaza, hapo ndipo akanyamaza.

Kumjibu mama mkwe siwezi. Lakini mtoto ni wangu. "Mwanangu," nikasema, "mwambie bibi shikamoo."

Akakohoa. Kisha: "Mume wangu, mwambie baba yako marahaba. Na umwulize anafanya nini huko."

"Mwanangu, mwambie bibi natengeneza mlango."

"Mume wangu, mwulize basi, kwa nini asitokee alikoingilia?"

Suruali haitajwi mbele ya mama mkwe, hata kwa kupitia mtoto mchanga. Nikatafuta neno la kunistiri. "Mwambie bibi, siwezi kumtokea mkwe wangu dirishani, kichwa mbele. Siyo heshima."

Nikaongeza kwamba rimoti iko mezani sebuleni, na kwamba kitufe ni kile chenye picha ya kufuli iliyofunguka. Nikasikia ndala zikienda, zikirudi. Akabonyeza.

Alibonyeza kile cha king'ora.

Gari lote likapiga kelele. Jogoo akawika, mtoto akaangua kilio. Mjumbe wetu alikuwa analia, kwa hiyo mawasiliano yakakatika. Mke wangu akakurupuka kutoka kitandani, akachungulia mlangoni, akamwona mama yake kalinyooshea gari rimoti na mimi pua yangu iko kwenye kidirisha, akashika nguzo ya baraza akacheka mpaka akakaa chini. Msaada wake uliishia hapo.

Kelele zikakoma. Mama mkwe akabonyeza tena, safari hii sahihi, na mota yangu mpya ikasema tak. Sijawahi kusikia neno tamu kama lile. Ikabaki kitasa, ambacho kiko nje. Nikafungua mdomo kumweleza mtoto lililobaki.

Mama mkwe akaanza yeye. "Mume wangu, mwambie baba yako bibi anavuta kitasa, halafu anageuka kutazama Zambia. Bibi ataendelea kutazama Zambia mpaka mtu afike ndani."

Mlango ukashuka. Nikauona mgongo wake, kitenge kichwani, uso umeelekea Nakonde bila kutikisika. Mtoto peke yake, begani kwake, ndiye aliyenitazama. Nikajikinga na tenga la jogoo nikatimua mbio.

Mchana nikanunua bando nimalizie ile video. Jamaa anasema ukishatoa bati la ndani, vuta fito mbili za loki kwa mkono, mlango utafunguka wenyewe. Ningetoka bila kumsumbua mtu. Nimeifuta kwenye simu.

Jioni hii tumekula supu ya jogoo. Mama mkwe na binti yake sebuleni, mimi chumbani, pazia katikati. Kabla sijamaliza bakuli nikasikia anakohoa. Nikakohoa.

"Mume wangu," akasema, taratibu, "mwambie baba yako nyumba nimeiona. Ni ndogo, na upepo unaingia. Gari lake nalo nimeliona. Lakini mwanaume anayekubali kukaa gizani na jogoo kuliko kumtokea mama mkwe vibaya, huyo hatamdharau binti yangu. Mama yako anabaki hapa."

Nikaweka kijiko chini. Nililia, sioni aibu kuandika. Nililia kimya kimya, machozi yakaingia kwenye supu, nikaimaliza hivyo hivyo.

Ndipo akaongeza kwamba na yeye anabaki, mpaka mtoto aote meno. Choo chetu kiko ng'ambo ya sebule. Sijui nitapitia wapi.

Ila hilo silo linalonikosesha amani. Linalonikosesha amani ni kwamba haikuwa heshima iliyonikalisha mle ndani. Ilikuwa suruali. Ningekuwa na suruali nzima ningetokea dirishani kichwa mbele, tena na kelele juu, na mke wangu kesho angekuwa njiani kwenda Hasamba. Nimwambie ukweli? Nitauanzaje, na mjumbe mwenyewe amelala?

Sisemi. Ameona kwangu kitu ambacho hakikuwapo, na kwa kitu hicho amenipa mke wangu na mwanangu. Basi nikitafute. Nina muda mpaka meno ya mtoto yaote.