Kamba ya Tanga Haifungwi

Mkuza, Kibaha
3 Agosti 2024

Kwako kaka Mashauri,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Eugenia, mama, na Eva mdogo. Mimi huku Mkuza sijambo, ila vumbi ndilo linatumaliza na mgongo wangu umechoka viti vya ofisini.

Najua utasema, huyu naye, barua wakati simu zipo! Simu yako inashika mtandao mpaka upande kilimani, na pale kilimani mnakuwa watu sita mnaosikilizana. Ninalokuomba nimeona nikuandikie. Hashiru atakuletea, maana fuso lake linafuata mihogo Marui kila Jumanne.

Nilishakuambia kwamba Jumamosi huwa nakwenda Dar kwenye klabu ya mashua za tanga. Inaitwa Upepo Mwema, inafundisha watoto kuendesha mashua. Usifikirie matajiri wenye kofia nyeupe. Ni banda la makuti, mashua kumi na moja ambazo tatu zinavuja, na watu wanaopenda kucheka. Viongozi wote tunajitolea, hakuna anayepewa hata soda. Mwenyekiti ni mzee Leodegar, mwalimu wa hesabu mstaafu, anayeugombeza upepo kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Katibu ni Bi Zubeda. Huyo anajua jina la kila mtoto, na nani amekuja bila kunywa chai, na mtoto wa namna hiyo haguswi na maji mpaka ale. Mwinyimadi ni karani wa mahakama siku za kazi. Jumamosi anashona matanga yaliyochanika kwa cherehani ya marehemu mkewe, na ukimsaidia kuizungusha ananuna.

Wa nne ni mimi. Mwezi Juni walinichagua kiongozi wa usalama. Mtoto hapandi mashua mpaka mimi nimemfundisha na kumruhusu.

Sasa klabu yetu ina desturi yake. Kila mwaka viongozi wapya hutambulishwa mbele ya wazazi, lakini hatujitambulishi wenyewe. Anasimama mtu wa nyumbani kwako, aliyekujua kabla hujawa mtu wa watu, aseme wewe ni nani na kwa nini ukabidhiwe watoto wa wenzako. Mwaka jana mzee Leodegar alitambulishwa na dada yake, akasema hadharani kwamba kaka yake aliwahi kuiba senene wa bibi. Tulicheka mpaka tukalia.

Siku yenyewe ni Jumamosi tarehe 28 Septemba. Naomba uje wewe, kaka. Mama nisingethubutu kumwomba. Unajua habari ya mashua haisikilizi.

Ukikataa nitaelewa.

Mdogo wako,
Selina

*

Marui, Kisarawe
13 Agosti 2024

Mdogo wangu Selina,

Marahaba. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo. Ng'ombe mmoja, yule mwekundu, kazaa jike. Wifi yako anakusalimia, anauliza utaolewa lini au mpaka upepo uwe mwema zaidi.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Watu wazima, wana kazi zao, wanaacha kulala Jumamosi wakashone matanga bure! Nilimsomea Eugenia habari ya huyo karani na cherehani yake, akasema huyo anampenda mkewe bado.

Mara ya pili sikucheka. Miaka ishirini na minne sijagusa mashua. Baba alipouza ile ya kwetu kule Ziwa tulikotoka akanunua ng'ombe, mimi nikatolewa shule nichunge, sikulalamika, maana niliona ni haki. Mtu aliyeacha kamba ya tanga imefungwa, mdogo wake akafa maji, ana la kulalamika? Baba alinisamehe siku tatu kabla hajafa, na wewe ulikuwepo mlangoni umeshika bakuli la uji. Mama bado. Hanitukani, hapana. Lakini Eva wetu ana miaka sita sasa, ameshatimiza umri wa marehemu aliyempa jina, na kila nikishika ndoo kwenda lamboni na mtoto akinifuata, mama anamwita arudi. Kila siku. Hasemi kwa nini.

Nitakuja, Selina. Nikuambie sababu. Baba aliniuliza, mama aliniuliza, wazee wa kijiji waliniuliza: kwa nini ulifunga kamba? Wewe peke yako hukuniuliza hata siku moja. Nikajua kuna mtu mmoja duniani aliyenisamehe bila kuombwa.

Nitasimama niwaambie hao wazazi: mwachieni watoto wenu huyu, maana amejifunza kwa kosa la kaka yake kwamba kamba ya tanga haifungwi, inashikwa mkononi.

Sasa niambie nivae nini. Shati la kanisani limeliwa na panya begani.

Kaka yako,
Mashauri

*

Mkuza
20 Agosti 2024

Shikamoo kaka,

Nimefurahi sana kwa ng'ombe. Hongera. Nakutumia shati, nimekisia shingo, likibana wifi atalegeza kifungo. Dawa ya magoti ya mama nimeiweka humohumo, ni ya kuchua, asiinywe.

Kuna jambo nilitaka kukuandikia lakini Hashiru ameshawasha gari na anapiga honi.

Selina

*

Mkuza
8 Septemba 2024

Kaka Mashauri,

Shikamoo. Sijui kama baada ya barua hii utaniitikia tena. Nauliza hali zenu, na safari hii nauliza kwa hofu.

Mwezi uliopita nilikudanganya. Hashiru hakupiga honi. Alikuwa kwangu sebuleni anakunywa chai, ametulia, akaniuliza kama nimemaliza nikasema nimemaliza.

Kaka, kamba hukuifunga wewe.

Uliifunga kwanza, ni kweli, ulipoanza kuchota maji yaliyoingia kwenye mashua. Kisha ukaifungua. Ukaniwekea mkononi, ukanikunja vidole kwa vidole vyako, ukasema, "Shika, upepo ukija iachie tu." Halafu ukanipa mgongo ukaendelea kuchota. Wewe umesahau hayo. Mimi sijayasahau hata siku moja.

Kamba ilinichubua. Eva alikuwa anataka nimmenyee karanga tulizopewa na bibi, analia, ananivuta gauni. Nikaizungusha kamba kwenye ubao wa kukalia, nikaifunga mafundo mawili, nikammenyea. Alikula tatu. Ya nne ilikuwa mkononi mwangu upepo ulipopiga. Nilijaribu kufungua. Fundo lilikuwa limekaza, na mashua ikalala.

Ulipiga mbizi mara tatu ukimtafuta. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mlingoti, na karanga ile bado nilikuwa nayo kiganjani.

Wanaume walipoivuta mashua ufukweni kamba ilikutwa imefungwa. Baba akauliza, "Nani kaifunga?" Ukajibu hapohapo, "Mimi. Nilifunga nikasahau kufungua." Nilikutazama usoni, nikaona hunifichii kosa, unaamini. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake tukazika. Kisha ukatolewa shule, mimi nikaendelea. Kila karo iliyolipwa niliogopa zaidi kusema, kwa sababu ilikuwa yako.

Na ile siku mlangoni na bakuli la uji, nilimsikia baba akikusamehe. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, mtu mzima, nina kazi. Uji ulipoa mikononi mwangu na sikusema.

Unasema sikukuuliza kwa sababu nilikusamehe. Sikukuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Niliposoma maneno yako hayo nilikaa jikoni sakafuni.

Sasa kila Jumamosi nawafundisha watoto: kamba ya tanga haifungwi, inashikwa. Wananijibu kwa pamoja, kwa sauti. Wazazi wanasema mwalimu huyu ana bidii. Si bidii, kaka.

Sikuombi unisamehe. Usipokuja tarehe 28 nitajua.

Selina

*

(Jumanne mbili Hashiru alirudi mikono mitupu. Jumanne ya tatu alileta hii.)

Marui
24 Septemba 2024

Selina,

Sisi wazima.

Barua yako nilipewa nikiwa zizini. Nikaisoma nimesimama. Kwa siku tisa sikuongea na mtu, Eugenia akadhani nimepata ugonjwa. Siku ya kumi nilikwenda lamboni peke yangu, nikachukua kamba ya ng'ombe nikaishika, nikajaribu kukumbuka. Nimeshindwa. Vidole vyangu havikumbuki kukukunja vidole vyako. Miaka yote hii nimekumbuka kufunga, na nimelilia fundo ambalo si langu.

Sitakuja. Shati nimempa mjomba wake Eugenia.

Mama atakuja. Nimemwambia unataka kumwonyesha unapofanya kazi ya kujitolea, na kwamba kuna maji. Akasema atakwenda. Hashiru atamleta. Hajui lingine lolote, na sitamwambia mimi. Mwaka ule nilijibu swali lililokuwa lako. Safari hii jibu mwenyewe.

Mmesema lazima mtu wa nyumbani aseme. Mama hajui kusoma, kwa hiyo maneno yangu utayasoma wewe, mbele yake na mbele ya wazazi wa hao watoto. Usipunguze, usiongeze. Haya hapa:

"Mimi ni Mashauri Ndaki wa Marui. Selina ni mdogo wangu. Alipokuwa na miaka kumi na moja alifunga kamba ya tanga, mashua ikapinduka, mdogo wetu Evaline akafa. Alinyamaza, nikabeba mimi. Kama mnatafuta mtu asiyewahi kukosea, si huyu. Kama mnatafuta mtu ambaye hatafunga kamba tena maisha yake yote, ndiye. Mimi kama kaka yake bado sijajua nitamfanya nini. Ninyi amueni ya kwenu."

Ukishindwa kuyasoma, usishike mtoto wa mtu.

Mashauri

*

Mkuza
29 Septemba 2024

Shikamoo kaka,

Nimeyasoma. Sikupunguza.

Walianza na mtunza mashua mpya, Jumbe. Mkewe akasimama akasema mumewe nyumbani hajawahi kurudisha nyundo mahali pake, watu wakacheka sana. Nikaitwa mimi wakiwa bado wanacheka. Nilipofika kwenye jina la Evaline niliona mama ameinua kichwa. Alikuwa amekaa na Bi Zubeda, ameyapa maji mgongo, toka afike alikataa kuyatazama.

Nilipomaliza mama akaniuliza palepale, mbele ya watu wote, "Siyo Mashauri?"

Nikasema, "Siyo Mashauri, mama. Ni mimi."

Akaniuliza tena. Nikajibu tena. Akauliza mara ya tatu, nikapiga magoti. Hakunipiga, na ningeshukuru angenipiga. Alisimama akajifunga kanga vizuri, akamwambia Hashiru, "Nirudishe nyumbani." Kwangu Mkuza hakukanyaga.

Filimbi yangu ya kiongozi wa usalama nilimkabidhi mzee Leodegar, akaitazama tu. Bi Zubeda ndiye aliyeichukua. Akasema, "Hii nitaitunza mimi mpaka mkazungumze kwenu. Ya kwetu tutayaongea baadaye." Mzazi mmoja amemtoa mwanawe, na ana haki. Mwinyimadi alinisindikiza mpaka kituoni, akanishikia mfuko.

Kaka, mama alifikaje? Alikula? Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako, ukikubali,
Selina

*

Marui, Kisarawe
15 Oktoba 2024

Selina,

Marahaba.

Mama alifika salama. Alishuka kwenye fuso akapita mlangoni kwangu bila salamu, akaingia kwake akafunga. Alikaa siku nne. Uji alipelekewa na Eugenia, akanywa kidogo. Siku ya tano alitoka, akanikuta nakamua. Akasimama nyuma yangu mpaka ndoo ikajaa, akasema, "Baba yako alikufa akikusamehe bure." Kisha akalia, Selina, kilio ambacho sikukisikia hata msibani. Nilimwekea kigoda akakaa hapohapo kwenye samadi.

Wewe bado hajataka kukutaja. Na mimi sitaki kukudanganya, hasira ninayo. Kuna siku naikuta shuleni, nikipita wakati watoto wanaimba hesabu. Kwa hiyo Krismasi usije. Njoo Pasaka. Mpaka hapo nadhani nitaweza kukaa na wewe meza moja.

Mwambie huyo mama aliyechukua filimbi asiitupe.

Leo asubuhi nilishika ndoo kwenda lamboni. Eva akanifuata kama kawaida yake, nikapunguza mwendo nikingojea aitwe. Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika ufagio, anatutazama. Akasema, "Nenda na baba yako, mama."

Tulikwenda. Nilimshika mkono njia nzima mpaka akalalamika namuumiza. Nilichota maji, yeye akarusha mawe. Tukarudi wote wawili.

Kaka yako,
Mashauri